Siku ya Kupimwa Madirisha

Mama mwenzangu, siku utakayosikia wapimaji wa madirisha wanakuja mtaani kwenu, usifagie. Usipake rangi. Tambara ulilochomeka kwenye ufa liache palepale, na godoro lililo sebuleni usilisogeze. Najua mwili unavyowasha mgeni anapobisha hodi na nyumba haijakaa sawa. Lakini soma kwanza yaliyompata mke wa fundi bomba, ndipo uchukue ufagio wako.

Mwanamke huyo alikaa ghorofa ya tatu, katika jengo la kupanga la shirika la nyumba. Majirani walimwita Bi Usafi, wengine kwa kumsifu, wengine kwa kumsuta. Hata ngazi ya watu wote aliisugua, na ukipita na viatu vya matope alikuangalia mpaka ukavivua mwenyewe.

Tangazo la shirika lilibandikwa chini mlangoni. Lilisema kwamba kila msimu wa baridi wapangaji wanawasha hita za umeme, na joto lote linatoroka dirishani kwenda kuwapasha ndege wa mtaani. Hilo la ndege liliongezwa na jirani wa ghorofa ya nne, mwanamke mnene aliyeitwa Redio kwa sababu habari zote za jengo zilianzia kinywani mwake. Madirisha mapya yangekuja, ila hayakutosha watu wote. Mpimaji angepita mlango kwa mlango, na yaliyo mabaya zaidi ndiyo yangebadilishwa kwanza, kabla baridi haijaanza kuuma.

"Kesho ndiyo zamu yetu," Redio alisema, akiwa amekaa kwenye ngazi kupumua, kapu la sokoni miguuni. "Mimi sigusi kitu. Dirisha langu lina matambara kuliko gunia la mitumba. Aje ajionee."

"Utamwacha mgeni aone matambara?"

"Mgeni gani? Huyo anakuja kupima ufa, haji kuposa."

Bi Usafi alicheka, lakini alipofunga mlango wake kicheko kilikuwa kimeshaisha. Aliliangalia dirisha la sebuleni. Lilikuwa la mbao, kubwa, la kioo kimoja chembamba. Mbao zilikuwa zimevimba na kusinyaa miaka mingi mpaka upande wa kushoto njiti ya kiberiti ilipita bila kugusa. Alikuwa ameziba kwa vipande vya shuka kuukuu. Asubuhi kioo kilitoa maji, na maji yakachora ukutani madoa meusi kama ramani.

Chini ya dirisha hilo ndipo alipolala mama mkwe wake.

Nyumba ilikuwa na vyumba viwili vya kulala. Kimoja cha fundi bomba na mkewe, kingine cha watoto wanne waliopangwa kwenye vitanda vya kupandana. Bibi alijaribu kulala na wajukuu akashindwa. "Wananipiga mateke utadhani wamelipwa," alisema, akajihamishia sebuleni mwenyewe. Kila asubuhi godoro lilikunjwa na kufichwa nyuma ya kochi. Kila jioni, baada ya mlango kufungwa na kuhakikisha hakuna jirani atakayebisha, lilitandazwa tena. Miaka miwili. Fundi bomba alikuwa amemwambia dada yake mkubwa, tena kwa simu, tena kwa sauti ya mtu aliyejipanga, "Mama ana chumba chake. Hana shida yoyote."

Basi jioni hiyo Bi Usafi alikoroga unga na maji ya moto, akapata gundi nzito. Alitoa matambara yote. Alijaza nyufa kwa kisu, akalainisha kwa kidole, na ilipokauka akapiga juu yake rangi nyeupe iliyokuwa imebaki kwenye kopo. Madoa ya ukutani aliyafuta kwa sabuni kisha akayafunika kwa kalenda.

"Unaliremba kama bibi harusi," mama mkwe alisema kutoka kwenye kochi.

"Wanakuja watu, mama."

"Naona. Na upepo wangu nao umeupeleka wapi? Tulishazoeana." Alikohoa, akapangusa mdomo. "Leo nitalala kama mfalme."

Kweli alilala vizuri.

*

Mpimaji alikuwa msichana, mwembamba, mwenye mkoba begani na viatu vilivyochakaa upande mmoja. Aliingia akavivua mlangoni kabla hajaambiwa, na hapo hapo Bi Usafi akampenda. Alikuwa ameanza kazi hiyo karibuni na bado aliogopa kukosea. Tangu asubuhi alikuwa ameonyeshwa madirisha yaliyofungwa kwa kamba, na moja ambalo mwenyewe aliliziba kwa mlango wa friji. Nyumba hii ilimpumzisha macho.

"Nyumba yako inapendeza, mama."

"Tunajitahidi tu, mwanangu."

Alitoa kifaa kama bastola ndogo, akakielekeza kwenye kioo, kikamwonyesha jinsi kioo kilivyo baridi kuliko ukuta. Akatikisa kichwa. Kisha akawasha kijiti chembamba cha moshi, akakipitisha polepole kando ya fremu, kuanzia juu, kushoto, chini, kulia. Mahali penye ufa moshi hucheza, huvutwa ndani au husukumwa pembeni. Kwa Bi Usafi moshi ulipanda juu wima, umetulia kama mtoto aliyeonywa.

"Kioo chenyewe ni kimoja na ni chembamba," msichana alisema, "lakini upepo haupiti kabisa. Fremu imekaza. Sijaona nyingine hivi leo."

Bi Usafi alisikia raha ikimpanda mpaka masikioni. Katika maisha yake hakuwa ameshinda vitu vingi.

"Kwa hiyo nyinyi mtasubiri awamu inayofuata," mpimaji aliendelea. "Isipokuwa kama kuna mzee au mtoto mchanga anayelala karibu na dirisha. Hao tunawatanguliza hata kama dirisha ni zima, kwa sababu ya hicho kioo. Kuna mtu analala hapa?"

Swali lilimkuta hajajiandaa. Macho yake yalikwenda kwenye kochi. Nyuma yake pindo la godoro lilikuwa limechungulia, na msichana alikuwa ameliona.

"Hapa? Hapana. Hapa ni sebule. Hapa halali mtu."

"Na lile godoro?"

"La wageni. Tukipata mgeni tunamtandikia."

Jikoni, mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kigoda na kitambaa mdomoni. Aliyasikia yote, maana ukuta wenyewe ulikuwa mbao. Kikohozi kilimkaba, akakimeza. Kikarudi, akakimeza tena mpaka machozi yakamtoka. Mara ya tatu kilimshinda.

"Kuna mtu jikoni?" mpimaji aliuliza.

"Ni mama mkwe wangu," Bi Usafi alisema haraka. "Amekuja kutusalimia."

Bibi alitokea mlangoni, amejifunga khanga yake vizuri, anatabasamu. Msichana aliinama. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Pole na kazi."

"Asante. Wewe unakaa hapa, bibi?"

Bi Usafi aliangalia sakafu aliyoisugua. Kitu kilimjia ulimini, akakishika kwa meno.

"Mimi mgeni tu," bibi alisema. "Nimekuja kuwaona wajukuu. Keshokutwa narudi kwangu."

Msichana alimtakia safari njema, akavaa viatu vyake, akaenda mlango wa pili. Bibi hakuwa na kwake. Nyumba yake ilishauzwa, na hela yake ndiyo iliyowanunulia watoto vile vitanda vya kupandana.

*

Bibi alikaa kochini, Bi Usafi kwenye kiti.

"Mama, nilitaka kusema..."

"Ungesema nini? Kwamba mama wa mume wako analala chini kama mlinzi?" Bibi alicheka kidogo. "Hata mimi nisingesema. Leta chai."

"Umekasirika."

"Mgeni hakasiriki. Mgeni anakunywa chai na kusifia nyumba."

Tangu siku hiyo 'mgeni' likawa neno la mzaha kati yao. Bibi akiosha vyombo alisema, "Mgeni gani huyu anayeoshishwa vyombo." Akichelewa kuamka, Bi Usafi alimwambia, "Mgeni, basi limekuacha." Walicheka. Lakini Bi Usafi aliona kwamba bibi sasa anakunja godoro mwenyewe kabla ya mtu yeyote kuamka, na nguo zake, ambazo zamani zilikaa droo moja na za wajukuu, amezihamishia kwenye begi lake na kulifunga zipu. Hakuuliza. Aliogopa jibu.

Baridi ilipoanza, gundi ya unga ilianza kupasuka. Maji ya kioo yaliilowesha chini, ikavimba, ikadondoka vipande vipande kama ngozi ya jeraha. Ufa wa kushoto ulirudi. Kisha ukaja mwingine juu, ambao haukuwapo.

Fundi bomba aliporudi kutoka kazini alileta utepe wa mabomba na gundi ya silikoni, akaziba. Mbao zilikuwa zimeloa, silikoni haikushika. Alikuwa mtu anayejua kuzuia maji yasipite popote, na upepo ukamshinda nyumbani kwake.

"Lakini walisema dirisha letu zima," alinung'unika. "Huyo binti alipima nini? Alipima kwa pua?"

Mkewe alikuwa anakunja nguo. Aliendelea kukunja.

Juu, kwa Redio, mafundi walikuja na kioo cha tabaka mbili na fremu mpya yenye mpira pembeni. Wakamfungia asubuhi, na mchana huohuo alishuka kuwaita. "Njooni msikie nyumba inavyonyamaza. Nimezima hita, mpaka nimevua soksi." Alipoona uso wa Bi Usafi akapunguza sauti. "Na wewe si ungeacha yale matambara. Mimi aibu niliiacha zamani, nikaona hainilishi."

Fundi bomba alikwenda ofisi ya shirika. Akaambiwa dirisha lake lilipimwa, halivuji, na hakuna mzee wala mtoto mchanga. Alifikiri wamemchanganya na mtu mwingine, akabishana, akatolewa nje na mlinzi ambaye wiki iliyopita alikuwa amemtengenezea choo. Alirudi nyumbani hakula.

"Wanasema hapa hakuna mzee," alimwambia mkewe.

Huo ndio ulikuwa mlango wa kusemea, mama mwenzangu, na ulikuwa wazi. Angesema, mumewe angefoka, asubuhi wangekwenda wote wawili, wakapimwa upya. Lakini kusema kungekuwa kumwambia, mama yako nilimkana mbele ya macho yake mwenyewe. "Nitakwenda mimi nikazungumze nao," alisema. Alikwenda mpaka kwenye geti. Aliona foleni ya watu, akaona atalazimika kusema kwa sauti wote wakisikia, akajiambia kesho kutakuwa na watu wachache. Akarudi. Akaenda tena siku nyingine, akarudi.

Alijaribu kulipa deni kwa njia nyingine. "Mama, njoo ulale chumbani na mimi. Baba watoto atalala hapa."

"Nilale kitanda cha mwanangu na mkewe?" Bibi alishtuka kweli. "Hebu niache na heshima yangu."

"Basi chumbani kwa watoto, tutawahamisha wawili."

"Wahame waje kwenye baridi? Wale mapafu yao ndiyo kwanza yanaanza." Alivuta blanketi. "Si kubaya hivyo. Nikilala ubavu huu, upepo unanipita juu."

*

Kikohozi kilibadilika sauti. Kilikuwa kikavu, kikawa kizito, kikaja na homa. Zahanati walimpa dawa. Tabibu aliuliza, "Analala wapi? Mahali pana joto?" Bi Usafi akafungua mdomo, lakini bibi alikuwa amewahi. "Nina chumba changu. Wananilea kama yai."

Siku alipopelekwa hospitali fundi bomba alimbeba mgongoni ngazi zote, na Redio alishuka nyuma yao amebeba begi la nguo. Begi lilikuwa tayari. Hapakuwa na cha kupanga.

Wodini alikaa siku chache. Siku moja mchana, fundi bomba alipotoka kwenda kutafuta dawa, Bi Usafi alisogeza kiti.

"Mama, nitamwambia. Akirudi tu nitamwambia nilivyosema."

Bibi alikuwa anapumua kwa shida, kila pumzi anaivuta kama ndoo ya kisimani. Alimwangalia mkwewe kwa muda mrefu.

"Iliniuma," alisema. "Usidhani haikuniuma. Nilijua unaona aibu ya nyumba. Nikiwa pale jikoni nikawaza, labda anaona aibu yangu mimi."

"Hapana, mama. Hapana, si wewe."

"Basi ungeniambia. Siku zote hizi."

Alifumba macho. Bi Usafi alimshika mkono akaanza kumwambia, maneno yote yaliyokuwa yamejaa, kuhusu sakafu, kuhusu wifi aliyeambiwa mama ana chumba chake, kuhusu raha ya kijinga ya moshi kusimama wima. Hakujua ni mangapi bibi aliyasikia. Fundi bomba aliporudi na dawa, mama yake alikuwa amelala usingizi wa homa, na hakuamka tena. Alifariki alfajiri.

*

Dada mkubwa wa fundi bomba alifika msibani na mikoba miwili, hakulia mbele za watu. Alikuwa mwanamke mrefu, mfanyabiashara wa mbegu, mwenye desturi ya kuuliza maswali akiwa amesimama. Watu walipopungua alisema, "Nionyesheni chumba cha mama. Nataka nikae humo kidogo."

Fundi bomba alimwangalia mkewe. Mkewe alimwangalia mumewe. Kisha fundi bomba akafungua mlango wa chumba cha watoto, akaonyesha kitanda cha chini. Dada akaketi, kichwa kikigusa chaga za kitanda cha juu. Akashika mto. Ulikuwa na harufu ya mtoto. Alitoka haraka kuliko alivyoingia.

Daktari alikuwa amesema mapafu, na baridi. Jirani mmoja akataja dirisha, mwingine akataja mpimaji aliyesema ni zima. Msiba unapenda kupata wa kumlaumu, na huyu alipatikana. "Lazima awajibike," dada alisema. "Kapita hapa, kaona mtu mzima, kaandika hakuna. Mama yangu si kiti." Fundi bomba aliitikia kwa nguvu. Hasira ilikuwa nyepesi kubeba kuliko kile kingine.

Wakaenda ofisini wote watatu. Bi Usafi alitembea nyuma.

Mkuu wa ofisi alikuwa mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Aliwasikiliza, akasema mambo ni makubwa, na kama ni kweli binti hawezi kuendelea na kazi. Akamwita. Msichana aliingia amevaa viatu vilevile. Alipomwona Bi Usafi akatabasamu, kwa sababu alimkumbuka kama mwenye nyumba nzuri, kisha akaziona nguo za msiba.

"Ulikwenda kwa hawa?"

"Ndiyo, mkuu."

"Uliuliza kama kuna mzee?"

"Niliuliza." Alimgeukia Bi Usafi, macho yanaomba. "Mama, si niliuliza? Na bibi alikuwapo. Bibi mwenyewe alisema..." Aliishia hapo. Ndipo alipoelewa nguo zile zilikuwa za nani, akaziba mdomo kwa mkono.

"Mama alisema nini?" dada aliuliza. "Usimsingizie marehemu."

Msichana angeweza kujitetea, lakini kumsema marehemu mbele ya watoto wake kulimshinda. Machozi yalimtoka akiwa amesimama wima kama mtoto anayeadhibiwa shuleni. Mkuu alivua miwani. "Basi," alisema. "Kama huna jibu..."

"Aliniuliza mimi," Bi Usafi alisema.

Sauti ilitoka ndogo, akairudia.

"Aliniuliza mimi. Aliuliza mara mbili, na godoro aliliona. Nikamwambia ni la wageni. Nikamwambia hapa halali mtu. Nyufa nilikuwa nimeziziba kwa unga usiku wake ili asizione. Mama akasema yeye ni mgeni, anarudi kwake. Alisema hivyo ili mimi nisiaibike. Huyu binti hana kosa."

Nje mtu alikuwa anafagia kokoto.

"Godoro gani?" dada aliuliza polepole. Hakumwuliza wifi yake. Alimwuliza mdogo wake. "Mama alikuwa analala wapi?"

Fundi bomba aliangalia mikono yake, mikono mikubwa yenye alama za koleo. "Sebuleni," alisema. "Chini ya dirisha. Tangu alipokuja."

*

Mkuu aliwapa pole, msichana akarudi kazini, nao wakatoka. Walitembea mpaka walipofika kwenye ngazi za jengo. Pale dada aliketi ghafla, kwenye ngazi ile ile safi. Bi Usafi alisimama mbele yake akisubiri kutukanwa. Alikuwa amejiandaa. Angefurahi hata kupigwa.

"Wanangu wote wameshaoa na kuolewa," dada alisema. Hakuwa anamwangalia mtu. "Kile chumba cha nyuma kiko wazi. Jua linakipiga tangu asubuhi mpaka jioni, mpaka nalazimika kufunga pazia. Mimi nimejaza mbegu mle. Magunia."

Fundi bomba aliegemea ukuta.

"Mngeniambia tu kwamba hapatoshi," dada alisema. "Ningekuja kumchukua siku hiyohiyo. Mngesema tu."